Mchezo wa Fisi Kabla ya Safari ya Mwezini

Mama mwenye binti hana usingizi, na mama mwenye binti anayekwenda Mwezini hana hata kitanda. Jumapili hiyo Desderia alisali kanisani sala moja tu, tangu wimbo wa kwanza mpaka baraka: Mungu amgeuze Tasiana moyo. Aliporudi nyumbani alimkuta huyo Tasiana jikoni, anamenya viazi na kuimba kwa sauti ya mtu ambaye moyo wake haujageuka hata kidogo.

"Shikamoo mama. Unaweka dole?"

"Marahaba. Viatu sijavua, wewe unaniuliza dole?"

"Baba kashaweka lake kabla hajasafiri. Limebaki lako tu."

Kishikwambi kilikuwa mezani, kimeegemezwa kwenye chupa ya chai, na duara la kijani likingoja dole gumba la mama. Sheria ilisema mtoto asiyetimiza miaka ishirini na moja haondoki duniani mpaka wazazi wote wawili waweke dole. Desderia hakujua sheria nyingi, lakini hiyo aliipenda kuliko zote.

Huko Mwezini walikuwa wanatafuta watu wa viazi. Chini ya makuba yao ya vioo walikuwa wameotesha mchicha, wameotesha nyanya, hata ndizi zimekubali, lakini viazi vilikuwa vinatoka vidogo kama gololi. Mkubwa mmoja akasema, basi leteni mtu wa Njombe. Tasiana, ambaye tangu akiwa na miaka kumi alikuwa anajua kiazi kinaumwa nini kwa kunusa jani lake, akaomba, akapata.

"Hodi hapa!" Sauti ilitoka getini. Alikuwa mchuuzi wa asali, kapu begani, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi kwa baridi. "Kamwene, mama!"

"Kamwene. Umetuletea nini?"

"Asali ya msituni, mama yangu. Haijaona sukari tangu izaliwe."

Shanga iliyofungwa mkononi mwa Desderia ikawa nyekundu kama pilipili. Ya Tasiana nayo ikawaka. Mchuuzi alitazama mikono yao, wa mama kisha wa binti, akavuta pumzi, akacheka.

"Haya, imeiona. Lakini kwa mbali tu." Akainama, akatoa chupa nyingine chini ya kapu. "Hii hapa ndiyo yenyewe. Hii hata mimi nakunywa."

Shanga zikabaki nyeupe. Asali ikanunuliwa, mchuuzi akapewa kiazi cha moto ale njiani, wakaagana vizuri. Hakuna aliyekasirika, maana ndivyo watu walivyokuwa wanaishi. Juu ya mlima ulisimama mnara, na mnara ulisikiliza namna sauti ya mtu inavyotetemeka anapoficha jambo. Msemaji akidanganya, mnara unaiambia shanga ya msikilizaji, shanga inageuka rangi. Wanasiasa walikuwa wamekonda. Wachumba walikuwa wanaoana haraka au wanaachana haraka. Na watoto waliozaliwa baada ya mnara walikuwa hawajui kutafuta uongo usoni mwa mtu. Wautafute wa nini? Walikuwa wanatazama mkono.

"Umeona?" Desderia alisema getini pale pale. "Bila shanga ungemjuaje huyo?"

"Si ningeonja."

"Tasi, mimi sitanii."

"Mama, kule hawauzi asali."

"Wanauza kitu kibaya zaidi. Wanauza maneno, na mnara hawana."

Hilo lilikuwa kweli, na hata shanga ya Tasiana ilikaa kimya. Watu wa Mwezini walikuwa wamepiga kura, wakaukataa mnara. Walisema wanataka kuishi na siri zao. Binti wa mzee Ngailo, jirani yao, alikwenda huko na shanga yake mkononi, ikawa pambo tu. Mama mmoja akampokea, akamwita mwanangu, akampikia uji kila asubuhi, akamfumia na soksi. Yule binti akamwonyesha kila mbegu aliyoibuni. Siku ya kuzitangaza, mbegu zote zikasomwa kwa jina la yule mama wa uji. Binti akarudi Njombe na sanduku jepesi. Watu walipomuuliza, ewe mtoto, ulikuwa huoni? Akajibu: "Hakuna kitu kilichogeuka nyekundu."

Neno hilo lilimkaa Desderia kifuani kama mfupa wa samaki. Enyi mnaomfunga mtoto shanga kabla hajaota meno, lisikieni na ninyi.

*

Bibi Kandida, mama mkwe wake Desderia, alikuwa ameketi juani, mgongo ukutani, blanketi magotini. Watu walidhani amesinzia. Bibi huyo alikuwa hasinzii. Alikuwa anafumba macho ili watu waseme.

"Mama Tasi," aliita, "unataka kujua kama huyu mke mwenzangu anaweza kumjua mwongo bila shanga?" Mke mwenzangu ndivyo alivyomwita mjukuu wake, kwa utani wa bibi na mjukuu.

"Ndicho ninachotaka, mama."

"Basi wachezeshe fisi. Watu si wanakuja kula? Wakishashiba wavue shanga, wacheze fisi. Sisi tulijuana hivyo kabla ya huo mnara wenu."

Watu walikuwa wanakuja kweli, maana Tasiana alikuwa ameshawaalika kwenye chakula cha kuagwa, kana kwamba dole la mama yake lilikuwa limeshawekwa. Alikuja shangazi yake, Skola, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa, pamoja na mumewe Festo, mzee wa kanisa, na binti yao Wende. Alikuja mjomba Betwel, ndugu yake Desderia, amebeba ulanzi, pombe ya mianzi, ambao tayari ulikuwa umepungua njiani. Walikula viazi, wakala nyama, wakala parachichi lenye asali, na Bibi Kandida alipotaja fisi, Skola alipiga kofi hewani.

"Fisi! Mama, mchezo ule upo bado?"

Festo hakupiga kofi. "Shemeji Desderia, leo Jumapili. Tumetoka kanisani, sasa tukae tumfundishe mtoto kudanganya?"

"Mkwe wangu," bibi alimjibu, "kondoo akijifunza harufu ya chui, ameshakuwa chui?"

Festo alifikiri. "La."

"Basi vua shanga."

Bakuli la bati likapitishwa. Kabla halijamfikia, Desderia alisimama akajifunga kanga vizuri kiunoni.

"Nasema mbele yenu wote, shanga zikiwa bado mikononi. Tasi akimtoa fisi wa mwisho, naweka dole leo leo. Akishindwa, au akiliwa kabla, anakaa hapa na mimi, analima viazi vya duniani."

Kila mtu alitazama mkono wake. Nyeupe tupu.

"Nimekubali," alisema Tasiana, na shanga zikabaki nyeupe vile vile. Msichana alikuwa anacheka, lakini alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili.

Shanga zikaanguka bakulini moja moja, na watu wakabaki wanasuguasugua mikono yao kama waliovuliwa nguo.

"Sasa sikilizeni," alisema Bibi Kandida, "sisemi mara mbili, meno yenyewe yamebaki matatu. Ninyi sita ni watu wa boma moja. Nitawapa kila mtu punje mkononi. Mwenye haragwe la njano ni mchungaji. Wenye maharage mekundu ni fisi, nao ni wawili, wamevaa sura za watu. Mwenye punje ya hindi ni mwonaji, yuko upande wa wachungaji. Nikisema usiku, wote mnajifunika mablanketi gubigubi. Nikiwaita fisi, wanafunua macho, wanajuana, wananionyesha kwa kidole nani aliwe. Nikimwita mwonaji, naye ananionyesha mtu mmoja, namwambia kwa kichwa kama ni fisi au siye. Kukicha, aliyeliwa anaonyesha punje yake, anatoka, ananyamaza kama maiti."

"Halafu?" aliuliza Wende.

"Halafu mliobaki mnahojiana. Mkishahojiana, kila mtu anamnyooshea kidole anayemwona fisi. Mwenye vidole vingi anatolewa boma, awe mwema au mbaya. Fisi wakiisha, wachungaji wameshinda. Fisi akibaki na mchungaji mmoja, hakuna tena wa kuhoji, boma limeliwa."

"Na fisi anaruhusiwa kusema uongo?" aliuliza Tasiana.

"Ndiyo kazi yake."

"Kabisa kabisa? Machoni?"

"Mke mwenzangu, asiposema machoni atampata wapi mbuzi wa kula?" Bibi akashusha sauti, na wote wakasogea. "Mimi nawapa na siri zake, msiseme niliwanyima. Fisi mjinga anamla adui yake, watu wanamjua kesho yake. Fisi mwerevu anamla mtu anayependwa na wote, halafu msibani analia kuliko wafiwa. Fisi mkubwa akiona mwenzake ameshikwa, yeye ndiye wa kwanza kumzomea. Na mchungaji mpole, anayekubali kila kitu ili yaishe, huyo ndiye anayefuga fisi."

Akapita, akitia punje viganjani. Desderia alifunua kiganja chake chini ya kanga.

Nyekundu.

Alikifunga haraka. Maisha yake yote hakuwahi kumwambia Tasiana uongo, hata ule mdogo wa dawa si chungu. Alisema dawa ni chungu, kunywa. Sasa alikuwa na haragwe jekundu na mtoto mbele yake, na njia ilikuwa wazi kama barabara ya lami: akidanganya vizuri, mtoto anabaki nyumbani.

*

"Usiku umeingia," bibi alitangaza, jua likiwa linawaka.

Mablanketi yakapanda vichwani. Boma zima likawa kama magunia sita ya viazi yaliyosimamishwa uani.

"Fisi, amkeni."

Desderia alifunua uso. Gunia la pili nalo likafunuka, na hapo akamwona ndugu yake Betwel, macho yamemtoka, ameuma midomo asicheke. Waliwahi kuiba karanga pamoja utotoni, na Betwel ndiye aliyekuwa anawaponza kila mara kwa kucheka. Desderia alimkazia macho. Wakaonyeshana kwa vidole: Festo. Mtu anayependwa na wote.

Wakalala. Mwonaji akaitwa, akauliza lake, akalala. Kukakucha.

"Festo ameliwa," alisema bibi. "Mfupa mmoja umebaki, nao ni wa kidevu."

Festo akafungua kiganja. Punje ya hindi.

"Mwonaji!" Skola alipiga kelele. "Mume wangu, wewe ni mwonaji na hukuona kifo chako mwenyewe?"

"Nilimuulizia Wende," alisema Festo kwa unyonge. "Kumbe Wende ni..."

"Maiti haisemi!" wakapiga kelele wote, naye akaenda kukaa karibu na ulanzi, mahali pazuri pa maiti.

Basi wakaanza kuhojiana, na hapo ndipo kilipotokea kichekesho ambacho bibi alikuwa anakingoja. Wende alisema, "Mimi ni mchungaji," kisha akautazama mkono wa Skola. Skola akasema, "Mimi ndiye mchungaji," akautazama mkono wa Wende. Tasiana alisema lake akautazama mkono wa mama yake. Mikono yote mitupu. Kila mtu alikuwa anamaliza sentensi kisha anainamisha macho kutafuta shanga isiyokuwepo, kama mtu aliyekatwa sharubu anavyozidi kuzisokota.

"Mnatafuta nini huko chini?" bibi aliuliza. "Imeanguka senti?"

Walicheka mpaka Wende akapaliwa. Kisha Betwel akasafisha koo.

"Jamani, mimi mjomba wenu." Akautazama mkono wa Tasiana, akameza mate, ndipo akaendelea. "Mimi ni mchungaji. Toka zamani napenda mbuzi."

"Unawapenda kwa chumvi," alisema Skola.

"Wende ndiye simwelewi," aliendelea Betwel. Akatazama mkono wa Wende kwanza. "Amenyamaza sana."

Tasiana alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, vile anavyoinamisha anaponusa jani.

"Mjomba, sema tena."

"Niseme nini, mwanangu?"

"Kwamba wewe ni mchungaji."

Betwel akautazama mkono wa mpwa wake, akasema. Tasiana akaruka kutoka kwenye benchi.

"Sisi wote tunasema kwanza, halafu tunatazama. Mjomba anatazama kwanza, halafu anasema! Anaogopa kabla!"

"Ah, macho yangu tu hayo, ya uzee..."

Desderia aliona Betwel ameshikwa. Aliona pia jambo la kufanya, na lilimjia bila kuitwa, na wepesi wake ulimwogopesha. Alimnyooshea ndugu yake kidole wa kwanza kabisa.

"Fisi huyo! Mimi namjua tangu karanga za mama!" Akautazama mkono wa Tasiana.

Vidole vikamwendea Betwel kama mvua. Akafungua kiganja, nyekundu, uwanja ukalipuka vigelegele. Wende na Tasiana walikumbatiana, wakazunguka. Betwel akapita mbele ya dada yake akienda kwa maiti mwenzake, akamtazama kwa jicho la mtu aliyeuzwa mnadani, lakini maiti haisemi.

"Mama!" Tasiana alimkumbatia. "Umeona nilivyomjua?"

"Nimeona, mwanangu." Akautazama mkono wa mtoto, kwa mazoea.

Na hapo, kwa mara ya kwanza siku ile, Desderia aliogopa jambo jipya. Aliogopa jinsi alivyoaminiwa.

*

Usiku wa pili fisi aliyeamka alikuwa mmoja.

Desderia alifunua uso, akayaona magunia matatu: Wende, Skola, Tasiana. Tasiana alikuwa amejifunika blanketi la bluu alilokuwa analalia tangu shule ya msingi. Alikuwa ametulia, mgongo umenyooka, kama mtu anayengoja zawadi. Bibi Kandida alimtazama mkwe wake bila kupepesa.

Masharti aliyaweka yeye mwenyewe: akiliwa kabla, anabaki. Kidole kimoja tu. Hakuna hata uongo wa kusema. Angekinyoosha kwa lile blanketi la bluu, na kesho na keshokutwa na mwaka ujao Tasiana angekuwa hapa anamenya viazi na kuimba. Nani angemlaumu? Huo ndio mchezo.

Kidole kilianza kwenda. Kilienda chenyewe.

Ndipo akamkumbuka mama wa uji. Yule naye, alipokuwa anafuma soksi, bila shaka alijiambia kwamba anamtaka mtoto karibu. Desderia akakihamisha kidole, akakielekeza kwa Wende. Bibi akaitikia kwa kichwa, polepole, kama anayeonja mchuzi na kuona chumvi imefika.

Kukakucha. Wende akaonyesha haragwe la njano, akaenda kwa maiti akilalamika. Wakabaki watatu: Desderia, Skola, Tasiana. Watu wakasogeza mabenchi. Hata Festo aliweka chini kata ya ulanzi.

"Mke mwenzangu," alisema bibi, "fisi ni mmoja kati ya hawa wawili, kama si wewe. Ukimtoa asiye fisi, mnabaki wawili, umeliwa."

Skola hakungoja. Alisimama, mikono kiunoni.

"Tasi mwanangu, mimi shangazi yako sina haja ya kusema mengi." Akasema mengi. "Nani aliyemnyooshea Betwel kidole mbio mbio vile, ndugu yake wa tumbo moja? Bibi si kasema, fisi mkubwa humzomea mwenzake? Na wewe wifi, hebu tuseme ukweli, tangu uolewe kwetu kuku wa mama wanapungua!" Akautazama mkono wa Tasiana, akarudi usoni.

"Wale kuku uliwala wewe wifi, kila ukija kusalimia," Desderia alimjibu. Watu wakacheka, naye akacheka. Ilikuwa kweli, na ukweli ulimpa nafasi ya kupumua.

"Mama," alisema Tasiana. "Na wewe sema."

Sasa ndiyo ilikuwa kazi. Akisema kwa kubabaika, mtoto atamshika, watashangilia, ataweka dole, na binti atapanda chombo cha Mwezini akidhani anawajua waongo, kumbe amemjua mama aliyemwonea huruma. Huko mbele hakuna atakayemwonea huruma. Akisema kwa nguvu zote, huenda mtoto akaamini, na mama akapata alichokiomba kanisani. Na akikipata kwa njia hiyo, atakaa nacho vipi ndani ya nyumba moja?

Aliamua. Atadanganya kwa nguvu zake zote, na kwa nguvu zake zote ataomba ashindwe.

Alimsogelea Tasiana, akamshika mabega. Alikuwa ameona walivyomnasa Betwel, hivyo macho yake hakuyapeleka mkononi, si kabla, si baada. Aliyaweka machoni mwa mtoto, akayaacha hapo.

"Tasi, mimi ndiye niliyekuzaa. Nimekwambia uongo lini? Hata dawa sikukwambia ni tamu. Betwel nilimnyooshea kidole kwa sababu namjua, na ningemwacha ungesema nampendelea. Shangazi yako nampenda, lakini mtazame anavyopiga kelele. Mchungaji wa kweli hana haja ya kelele. Mimi ni mchungaji, mwanangu. Nataka ushinde. Mtoe Skola, tuweke dole, twende tukapange nguo zako."

Ulikuwa uongo mzuri. Ulikuwa na ukweli ndani yake, kama maandazi yenye iliki, na harufu ikaenea. Festo alisema kwa sauti ndogo, "Basi ni mke wangu."

Tasiana alimtazama mama yake. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na Desderia akajua: ameamini. Moyo ukamshuka mpaka kwenye kandambili.

Lakini kichwa cha msichana kikaanza kuinama upande.

"Mama," alisema, "leo mchana kutwa, kila neno ulilosema, ulitazama mkono wangu. Uliposema mjomba ni fisi ulitazama. Uliposema umeona nilivyomjua, ulitazama, na shanga haipo. Sote tumezoea hivyo, shangazi katazama sasa hivi. Hili ndilo neno kubwa kuliko yote uliyosema. Mbona hukutazama?"

Jogoo alipita katikati, akaona mambo mazito, akarudi.

"Nimekutazama machoni," alisema Desderia. "Anayekutazama machoni si ndiye mkweli?"

"Ndivyo nitakavyoambiwa na kila mtu huko, eti?"

Bibi Kandida alipiga fimbo chini.

"Maneno yamekwisha. Vidole."

Skola alimnyooshea Desderia. Desderia alimnyooshea Skola. Kikabaki kidole kimoja.

Na kidole hicho hakikuinuka. Tasiana alikuwa anajua, uso wake wote ulikuwa unajua, lakini mkono ulikuwa umelala mapajani kama umetiwa maji. Nani alimfundisha kumnyooshea mama yake kidole? Tangu ana miaka miwili alipigwa vikofi kwa kumnyooshea kidole mpita njia tu. Alimtazama bibi. Bibi akatazama mawinguni. Alimtazama shangazi, shangazi akajitia kukung'uta blanketi lake.

"Siwezi," alinong'ona. "Ni mama yangu."

Hapo Desderia akaelewa kwamba shida haikuwa macho ya mtoto. Hata binti wa Ngailo labda aliona. Labda asubuhi moja, kijiko kikiwa mdomoni, aliona kabisa, ila yule alikuwa mama, na alikuwa amempikia, na sisi ndio tuliomfunza kwamba mtu aliyekupikia hanyooshewi kidole. Alitamani kumwambia, nyoosha, mwanangu, nyoosha! Lakini fisi hasemi hivyo. Alikaza uso, akamtazama kwa upole wote wa mama wa uji.

"Ukiniheshimu, Tasi," alisema, "huwezi."

Tasiana alishtuka kama aliyemwagiwa maji ya mtoni. Kisha akainuka. Akakunja kanga yake vizuri, akaja mbele ya mama yake, akapiga magoti yote mawili kama binti anayemsalimia mkubwa, kichwa ameinamisha. Na kutoka hapo chini, kwa adabu zote, akainua kidole mpaka kifuani pa mama yake.

"Shikamoo mama," alisema. "Fisi ni wewe."

Desderia alifungua kiganja. Haragwe jekundu lilikuwa limeloa jasho, limeacha alama.

"Marahaba," alisema.

Kelele zilizotoka uani mle, majirani walidhani ni mechi. Skola alipiga vigelegele, akamkumbatia wifi yake aliyekuwa anataka kumfukuza boma, Betwel aliyefufuka akapiga kelele, "Kumbe uliniuza kwa hasara!" na Festo, mzee wa kanisa, alicheza hatua tatu kabla hajakumbuka ni Jumapili. Tasiana alikuwa bado amepiga magoti, anacheka na kulia, na mama yake ameshuka chini pamoja naye, wameshikana.

"Mama, nikuulize. Ulicheza kweli, au uliniachia?"

Wende akaja mbio na bakuli la shanga. "Vaa kwanza, ndiyo umuulize!"

Tasiana akalisukuma bakuli pembeni kwa kiwiko, macho hayatoki usoni mwa mama yake.

Desderia alijifuta pua kwa ncha ya kanga. Akavuta pumzi. "Nilikuachia, mwanangu," alisema. "Nilikuonea huruma tu, ili usafiri."

Msichana akausogelea uso ule, akauangalia paji, akaangalia pembe za macho, akaangalia mdomo uliokuwa unajitahidi kutulia. Akauangalia kwa muda, kama mtu anayesoma mwandiko wa mtu ampendaye. Halafu akacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana.

"Mwongo wewe, mama!"

Neno hilo, mtoto kumwambia mzazi, siku nyingine lingeleta fimbo. Siku hiyo Desderia aliona hajawahi kusikia neno tamu kama hilo. Aliinuka, akaingia ndani akiwa bado anafuta machozi, akakikuta kishikwambi mezani, akaweka dole gumba kwenye duara la kijani, akalikandamiza mpaka kikalia.

"Haya!" alipiga kelele kutoka ndani. "Nani amenimalizia asali?"

"Siyo mimi!" alijibu Tasiana kutoka uani.

Desderia akachungulia dirishani, akautazama uso wa binti yake.